Bamvua la Angani: Jinsi Galaksi Kubwa Zinavyozifumua Ndogo

Mvuvi wa Mombasa akitaka kujua kama kesho maji yatapwa hadi mwamba uonekane, hatazami saa. Huhesabu tarehe ya mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika bandari ya Kilindini hupita mita 3, na kati ya nyakati hizo mbili huja maji mafu, ambapo bahari hupanda na kushuka kwa uvivu. Elimu hii ya pwani, ambayo watu wengi wameirithi bila kuandikiwa, ndiyo ufunguo wa jambo linalotokea mbali mno na pwani yoyote: namna galaksi kubwa, yaani mkusanyiko mkubwa mno wa nyota kama huu wetu wa Njia Nyeupe, inavyozirarua galaksi ndogo zinazoizunguka na hatimaye kuzifanya sehemu ya mwili wake.

Wanaastronomia wamezoea kuliita jambo hili ulaji, na wanaoandika habari zao hupenda kuongeza chumvi wakachora papa aliyeachama na dagaa anayekimbia. Binafsi naona mfano huo unapotosha. Papa akishammeza dagaa, hakibaki kitu cha kuonekana, na tendo lenyewe huisha kwa kupepesa jicho. Galaksi ndogo hufumuliwa kama mkeka wa ukindu, ukili mmoja baada ya mwingine, kwa muda wa mabilioni ya miaka, na kili zilizofumuliwa huendelea kuning'inia angani muda mrefu baada ya mkeka wenyewe kupotea umbo. Kwa sababu hiyo tunaweza leo kutambua galaksi ambazo zilikwisha kufumuliwa kabla hata Jua letu halijazaliwa.

Tuanze na maji. Jua huivuta Dunia kwa nguvu inayokaribia mara 180 ya ile ya Mwezi, na bado Mwezi ndio unaotawala kujaa na kupwa, mchango wa Jua ukiwa chini ya nusu ya ule wa Mwezi. Sababu ni kwamba kinachoinua bahari si ukubwa wa mvuto wenyewe, ni tofauti ya mvuto kati ya upande mmoja wa Dunia na upande wa pili. Jua liko mbali kiasi kwamba upana wote wa Dunia ni kama si kitu mbele ya umbali huo, hivyo pande zote huvutwa karibu sawasawa. Mwezi uko karibu, na maji yanayouelekea huvutwa kwa nguvu zaidi kuliko kitovu cha Dunia, ilhali kitovu nacho huvutwa zaidi kuliko maji ya upande wa nyuma, ambayo kwa hiyo hubaki nyuma kidogo. Dunia hupata nundu mbili za maji, moja mbele na moja nyuma, na kwa kuwa inajizungusha, Mombasa hupita katika nundu zote mbili ndani ya muda unaozidi kidogo saa 24. Ndiyo maana maji hujaa mara mbili kwa siku wala si mara moja. Msomaji azikumbuke nundu hizo mbili, kwa maana tutakutana nazo tena.

Nguvu hii ya kutofautisha, ambayo hapa nitaiita nguvu ya kurarua, inategemea umbali kuliko mvuto wa kawaida unavyoutegemea. Umbali ukipungua kwa nusu, mvuto huongezeka mara 4, lakini nguvu ya kurarua huongezeka mara 8. Bahari hustahimili kuvutwa hivyo kwa sababu Dunia inaishika barabara. Kitu kilicholegea hakistahimili. Mwaka 1992 kimondo chenye mkia kilichoitwa Shoemaker-Levy 9 kilipita karibu mno na sayari ya Mshtarii kikakatika vipande vipande, na vipande hivyo, vikiwa vimejipanga kama shanga katika uzi, viliangukia sayari hiyo mwezi wa Julai 1994.

Galaksi ndogo ni kitu kilicholegea kuliko kimondo. Ni kundi la nyota, labda elfu chache, labda bilioni kadhaa, ambazo hazikufungwa pamoja na chochote isipokuwa mvuto wao wenyewe kwa wenyewe. Kundi hilo likiizunguka galaksi kubwa, nyota zilizo ukingoni hujikuta zinavutwa na mabwana wawili. Kuna mpaka usioonekana ambao ndani yake galaksi ndogo bado inamiliki watu wake, na nje yake galaksi kubwa inashinda. Kadiri galaksi ndogo inavyokaribia kubwa, mpaka huo hurudi ndani, na nyota zilizokuwa salama jana huamka zikiwa nje ya uzio.

Hapa ndipo nundu mbili zinaporudi. Nyota hutoka kupitia milango miwili, mmoja upande unaoielekea galaksi kubwa na mwingine upande wa nyuma. Zinazotoka kwa mlango wa ndani huingia katika njia iliyo karibu zaidi na galaksi kubwa, ambayo mzunguko wake ni mfupi, na kama mkimbiaji aliyepewa mstari wa ndani uwanjani, hutangulia. Zinazotoka kwa mlango wa nje hupata njia ndefu zaidi, hivyo huchelewa. Matokeo yake ni mikia miwili, mmoja ukiitangulia galaksi ndogo na mwingine ukiifuata, na baada ya mizunguko kadhaa mikia hiyo hurefuka ikawa mito ya nyota inayozingira anga lote. Sababu inayoijaza bandari mara mbili kwa siku ndiyo hiyo hiyo inayoipa galaksi inayofumuliwa mikia miwili, na sijui mfano mwingine wa fizikia ambao mtu wa pwani anaweza kuuelewa kwa urahisi zaidi bila kuandika hesabu hata moja.

Kufumuliwa huku hakuendi kwa mwendo mmoja. Njia za galaksi ndogo kwa kawaida si duara. Ni ndefu, kama yai lililovutwa, na kwa hiyo kila galaksi ndogo ina bamvua lake na maji yake mafu. Inapopita karibu na kitovu cha galaksi kubwa hupoteza nyota nyingi kwa muda mfupi, kisha inapokwenda mbali hupumzika, kabla ya kurudi tena baada ya mamilioni ya miaka, au hata bilioni moja na zaidi.

Tena, zinazotangulia kupotea si nyota. Kila galaksi imefunikwa na maada ya giza, maada ambayo haitoi nuru wala kuizuia, na ambayo tunaitambua kwa mvuto wake peke yake. Maada hiyo hutanda mbali sana kuliko nyota, nazo nyota zimejikusanya katikati. Galaksi ndogo kwa hiyo hufuliwa kama nazi: kumbi hutoka kwanza, na aliye mbali anayetazama nyama ya ndani haoni badiliko lolote. Inaweza kuwa imepoteza sehemu kubwa ya uzito wake wote ilhali nyota zake bado zimetulia. Zikianza kutoka nyota, ujue kumbi limekwisha na kifuu kimepasuka.

Msomaji makini atauliza swali la haki: kwa nini galaksi ndogo isiendelee kuzunguka kwa umbali ule ule milele, kama Mwezi unavyoizunguka Dunia? Jibu lilitolewa mwaka 1943 na Subrahmanyan Chandrasekhar, mwanafizikia mzaliwa wa Lahore aliyefanya kazi Chicago. Mfikirie bwana harusi aliyevaa joho akipita katika mtaa wenye watu wengi wa Mji wa Kale. Kila anapopita, watu wa pande mbili hugeuka wakamfuata, hivyo umati hauwi mbele yake, unajaa nyuma yake, na mikono yote inayomshika joho inamvuta arudi nyuma. Galaksi ndogo inapopita katikati ya nyota na maada ya giza ya galaksi kubwa, huvuta kila inachokipita, na vilivyovutwa hujikusanya nyuma yake, navyo vikiwa na uzito humpunguzia msafiri mwendo. Hakuna kinachogusana, ila matokeo ni kama msuguano, na wanafizikia hulitumia neno hilo hilo.

Msuguano huu una upendeleo wa ajabu. Bwana harusi mashuhuri hukusanya umati mkubwa zaidi. Mpita njia asiyejulikana hupita bila kugeukiwa. Galaksi nzito kwa hiyo hupunguziwa mwendo upesi na kuzama kuelekea kitovu, ilhali zile ndogo kabisa, za nyota elfu chache, zinaweza kuzunguka kwa muda unaozidi umri wa ulimwengu. Na kwa kuwa galaksi inayofumuliwa hupungukiwa uzito, umati wake nao hupungua, ikaanza kuzama polepole zaidi. Galaksi nyingi hufumuka zikiwa zingali njiani.

Neno "kugongana" nalo linahitaji kusahihishwa. Tuchukue gololi ya sentimita moja na nusu tuiite Jua, tuiweke kwenye lango la Ngome ya Yesu. Kwa kipimo hicho, nyota iliyo jirani yetu wa karibu kabisa ingekuwa gololi nyingine huko Nairobi. Ukizirusha galaksi mbili zenye nafasi za namna hiyo zipite moja ndani ya nyingine, nyota hazitagongana. Zitapishana kama watu wawili katika jangwa. Kinachogongana ni gesi, ambayo imetanda kila mahali na haina pa kupishana. Gesi husukumwa, hubanwa, hupata joto, na mara nyingine hubanwa kiasi cha kuzaa nyota mpya kwa wingi. Galaksi ndogo ikipoteza gesi yake haina tena mali ya kuzalia nyota, na kutoka hapo inazeeka bila watoto.

Jambo hili lilianza kujaribiwa kabla ya kompyuta. Mwaka 1941 Erik Holmberg wa Sweden alitambua kwamba nuru hufifia kwa umbali kwa kanuni ile ile inayoufifisha mvuto, akapanga juu ya meza taa 74, 37 kwa kila galaksi, akapima kwa chombo cha kupimia nuru mwanga unaofika mahali ilipo kila taa, kisha akazisogeza zote kidogo na kupima tena, hatua kwa hatua. Taa zake zilionyesha galaksi mbili zikivutana na kuota mikono. Ndugu wawili, Alar na Juri Toomre, walirudia wazo hilo kwa kompyuta mwaka 1972 na kuonyesha kwamba mikia mirefu na madaraja yanayoonekana kati ya baadhi ya galaksi ni kazi ya nguvu ya kurarua na si kitu kingine. Kati ya kazi hizo mbili, ile ya taa ndiyo inayonistaajabisha zaidi, kwa uvumilivu wake.

Ushahidi wa nyumbani kwetu ulichelewa. Mwaka 1778 Charles Messier, mwindaji wa vimondo wa Paris, aliandika katika orodha yake fundo la nyota lenye umbo la tufe katika Kausi, buruji ambayo kwetu pwani hupita juu sana angani. Fundo hilo, M54, lilihesabiwa kwa zaidi ya miaka 200 kuwa mali ya Njia Nyeupe. Mwaka 1994 Rodrigo Ibata, Gerard Gilmore na Michael Irwin, walipokuwa wakipima mwendo wa nyota za upande huo, walikuta kundi kubwa la nyota linalokwenda pamoja, kwa kasi isiyolingana na ya nyota nyingine, nyuma ya kitovu cha galaksi yetu. Ilikuwa galaksi kibete nzima, imejificha nyuma ya vumbi na msongamano wa nyota zetu, na M54 iko katika moyo wake. Mikia yake ilifuatiliwa miaka iliyofuata hadi ikaonekana imeizingira Njia Nyeupe yote, ikipita juu na chini yake. Tunaishi ndani ya mkeka huu unapofumuliwa.

Lakini mikia haidumu na umbo lake. Baada ya mabilioni ya miaka nyota zake huchanganyika na nyota za wenyeji hata jicho lisiweze kuzitenga. Hapo inabidi kuzitambua kwa njia nyingine, nazo ni mwendo na kemia. Mtu wa Amu anaweza kukaa Mombasa miaka 40, akavaa kama watu wa Mombasa na kununua samaki soko lile lile, lakini akifungua kinywa, msemaji wa Kimvita atajua ametoka wapi. Nyota nazo zina lahaja. Ile iliyozaliwa katika galaksi ndogo hubeba milele uwiano wa elementi uliokuwepo kwao: galaksi ndogo huzaa nyota polepole, na chuma kutoka katika milipuko ya nyota inayochelewa hupata muda wa kuingia katika gesi mapema, hivyo nyota zake huwa na magnesi kidogo kwa kiasi kile kile cha chuma zikilinganishwa na nyota zilizozaliwa katika galaksi kubwa. Na njia inayoifuata nyota hiyo bado inakumbuka ilikoingilia.

Ili kuzisikiliza lahaja hizo ilihitajika kupima nyota nyingi mno. Chombo cha Gaia cha shirika la anga la Ulaya kilirushwa Desemba 2013, na takwimu zake za Aprili 2018 zilitoa umbali na mwendo wa nyota zaidi ya bilioni moja. Mwaka huo huo makundi mawili ya watafiti, moja likiongozwa na Amina Helmi, mzaliwa wa Argentina, na jingine na Vasily Belokurov, yalieleza kwamba sehemu kubwa ya nyota zilizo katika utando unaoizunguka galaksi yetu, upande wetu huu, hazikuzaliwa hapa. Zinakwenda na kurudi karibu moja kwa moja kuelekea kitovu, badala ya kuzunguka kama sisi. Zilitoka katika galaksi moja iliyoangukia Njia Nyeupe yapata miaka bilioni 10 iliyopita, wakati galaksi yetu yenyewe ilikuwa bado changa, na mshtuko wake uliinua nyota za kisahani chetu, yaani sehemu bapa ya galaksi yetu, zikatawanyika juu na chini kuliko zilivyokuwa. Kundi moja liliipa galaksi hiyo jina la Enceladus, jitu la hadithi za Kigiriki. Jingine liliiita Soseji, kwa sababu ya umbo lake katika mchoro wa kasi. Majina yote mawili yameunganishwa na yanatumika, jambo linaloonyesha kwamba wanasayansi nao hushindwa kukubaliana juu ya jina la mtoto.

Kuna mabaki yanayoonekana bila darubini. Usiku wa mwezi Mei, mahali pasipo na taa, upande wa kusini, huonekana doa lenye ukungu liitwalo Omega Centauri, lililo umbali wa miaka ya nuru 17,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja) na lenye nyota zinazokadiriwa kufikia milioni 10. Limeorodheshwa kama fundo la nyota la kawaida, ila nyota zake hazina umri mmoja wala kemia moja, na mwaka 2024 watafiti waliotumia picha za Hubble, darubini iliyo angani, walieleza kwamba katikati yake kuna nyota zinazokwenda kasi kiasi cha kuhitaji shimo jeusi lenye uzito wa Jua mara 8,200 au zaidi. Wengi sasa wanaliona kuwa moyo wa galaksi iliyofuliwa hadi ndani.

Yaliyo hai zaidi ni Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ambazo msafara wa Magellan wa 1519 uliziona katika bahari za kusini na ambazo watu wa kusini walizijua tangu kale. Wingu Kubwa liko umbali wa miaka ya nuru 160,000, na Dogo kama 200,000. Mwaka 1974 wanaastronomia waliotumia darubini za redio nchini Australia walichora mkanda mrefu wa gesi ya hidrojeni unaotoka kwa mawingu hayo na kupinda anga kwa zaidi ya nyuzi 100. Kwa muda ilidhaniwa kwamba Njia Nyeupe ndiyo iliyoipokonya gesi hiyo katika mizunguko mingi. Vipimo vya Hubble vilivyofuata vilionyesha kwamba mawingu yanakwenda kasi kuliko ilivyodhaniwa, na huenda hii ndiyo safari yao ya kwanza kutufikia. Gesi nyingi basi ilifumuliwa na wao wenyewe kwa wenyewe, Wingu Kubwa likimrarua mdogo wake njiani. Wala mvuto hauendi upande mmoja. Wingu Kubwa lina uzito unaoweza kufika sehemu moja ya kumi ya uzito wa Njia Nyeupe au zaidi, nalo linaivuta galaksi yetu itoke kidogo mahali pake na kuipinda mito ya nyota ya galaksi nyingine.

Njia Nyeupe nayo ina jirani mkubwa. Andromeda, ambayo al-Sufi wa Uajemi aliitaja katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 964 kama wingu dogo, iko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, na mwaka 2001 iligunduliwa kuwa inao mto wake mkubwa wa nyota, mabaki ya galaksi iliyoisogelea mno. Mwaka 2012 vipimo vya Hubble vilifanya ionekane kuwa itagongana nasi bila shaka katika muda wa miaka bilioni 4 hivi. Hesabu mpya za 2025, zilizouingiza mvuto wa Wingu Kubwa na wa galaksi nyingine jirani, zimeshusha uwezekano huo hadi takriban nusu kwa nusu ndani ya miaka bilioni 10. Galaksi tunayoihesabu kuwa chakula imebadilisha hesabu ya mlaji.

Kwa anayetaka kuyaona haya kwa macho yake, Mombasa ina faida ambayo London haina, kwa kuwa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta na anga zote mbili ziko wazi kwake. Katikati ya Novemba, kama mvua za vuli zitaacha nafasi, saa tatu usiku, Andromeda hufika kilele chake upande wa kaskazini karibu wakati ule ule Wingu Dogo linapofika kilele chake upande wa kusini, kama nyuzi 21 juu ya upeo wa macho. Taa za bandari na za hoteli huliua Wingu Dogo kabisa, hivyo ni heri kuvuka Likoni na kwenda mbele zaidi, Tiwi au kupita hapo, na kuchagua usiku usio na mbalamwezi. Usiku huo utakuwa wa mwezi mwandamo, ambao ndio usiku wa bamvua, na saa hiyo maji yatakuwa yamekaribia kupwa kabisa, mwamba ukiwa wazi.